Habari zilale ndani ya nyumba: kisa cha seva ya milisho katika redio ya jamii

Redio ninayoizungumzia ni ya jamii, iko katika mji mmoja wa mkoa wa Kigoma, si mbali na mpaka wa Burundi. Ina studio moja, chumba cha habari chenye kompyuta tatu, na watu watano wanaopokezana zamu. Taarifa ya habari ya kwanza husomwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baada yake hufuata kipindi cha kupitia magazeti, na hapo pana kichekesho kidogo: magazeti ya karatasi kutoka Dar es Salaam huingia mjini mchana, wakati mwingine kesho yake. Magazeti yanayopitiwa alfajiri ni yale yaliyomo kwenye simu ya mtangazaji.

Shida ilianzia kwenye simu hiyo. Mtangazaji wa zamu hufika saa kumi na moja alfajiri, akafungua tovuti moja baada ya nyingine kwa modemu ya kampuni ya simu. Mtandao ukiwa mwepesi anapata habari sita au saba kamili. Ukiwa mzito, ukurasa unaleta kichwa cha habari, picha ya juu na tangazo la kubeti, kisha unaganda. Walishajaribu programu ya simu inayosoma milisho ya RSS, yaani orodha za habari mpya ambazo tovuti huzitoa, nayo ikawapa vichwa vya habari tele kwa mkupuo, ila kila kimoja kikiwa na sentensi mbili na maneno "soma zaidi". Waziri ametoa agizo. Agizo gani, kwa nani, linaanza lini? Yote hayo yamo nyuma ya kiungo kisichofunguka. Mtangazaji aliyebanwa na saa huishia kusoma sentensi mbili hizo hewani na kuziba pengo kwa kubahatisha, na mhariri alikuwa amechoka kupigiwa simu na wasikilizaji wanaosahihisha.

Mhariri hakunitajia seva, yaani kompyuta ya kuhudumia wengine, wala RSS. Alisema hivi: "Fundi, nataka mtangazaji akiingia alfajiri akute habari zimeshalala ndani ya nyumba." Kila uamuzi uliofuata niliupima kwa sentensi hiyo, na ndiyo iliyoamua mambo mengi kinyume na miongozo ya kawaida ya kazi hii.

Kwa nini mlisho huja nusu

Mlisho ni faili ambayo tovuti huiacha wazi ili programu ziisome: kichwa cha kila habari mpya, kiungo chake, tarehe, na maelezo. RSS ilianzia Netscape mwaka 1999. Nduguye Atom aliandikwa rasmi kama RFC 4287, waraka wa viwango vya intaneti, mwezi Desemba 2005. Watu wengi waliujua mlisho kupitia Google Reader, programu ya Google ya kusomea milisho, na Google ilipoifunga tarehe 1 Julai 2013 wakadhani teknolojia yenyewe imezikwa. Podikasti bado zinasafiri kwa RSS hadi leo, na idhaa za Kiswahili kama za BBC na DW, pamoja na Habari za UN, zina milisho yake. Tovuti yoyote iliyojengwa kwa WordPress hutoa mlisho ukiongeza /feed/ mwishoni mwa anwani, isipokuwa mwenyewe ameufunga.

Kuja nzima au nusu ni uamuzi wa mwenye tovuti. Katika WordPress kuna mahali kwenye mipangilio ya usomaji ambapo unachagua mlisho ubebe maandishi yote au muhtasari. Wengi wenye kuishi kwa matangazo huchagua muhtasari, na siwalaumu: tangazo liko kwenye ukurasa, na msomaji asipofika kwenye ukurasa tangazo halilipi.

Kwa hiyo kazi ilikuwa hii: programu isiridhike na muhtasari. Ikiona kiungo kipya ikifuate yenyewe, ichukue ukurasa, itoe maandishi ya habari, itupe mengine, na iyahifadhi mahali ambapo mtangazaji atayapata hata kama modemu imekufa.

Mashine iwe wapi

Wazo linalomjia kila mtu kwanza ni kukodi seva Ulaya kwa dola chache kwa mwezi. Ni rahisi, umeme haukatiki, na anwani yake inafikika kutoka popote. Kwa redio hii ingekuwa kazi bure, kwa sababu mtandao ukikatika Kigoma, habari zilizokusanywa vizuri huko Frankfurt hazina tofauti na habari ambazo hazikukusanywa. Hali hiyo si ya kufikirika: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi kadhaa za jirani kwa siku kadhaa. Huduma za kulipia za kusomea milisho nilizikataa kwa sababu hiyohiyo, na pia kwa sababu zinadai kadi ya benki kila mwezi, jambo ambalo mhasibu wa redio ya jamii hulitazama kwa jicho baya.

Mashine ikae chumbani, basi. Kuna waliopendekeza Raspberry Pi. Ni kompyuta ndogo ya bodi moja, nzuri, na hula umeme kidogo, lakini ina mambo mawili yasiyofaa hapa. Kwanza, kadi ya kumbukumbu hairidhiki na umeme unaokatika bila taarifa, hasa kama kuna hifadhidata inayoandikwa muda wote. Pili, matoleo kabla ya Pi 5 hayana saa inayoendelea kutembea yakizimwa. Kifaa kikiwaka bila intaneti hakijui leo ni tarehe ngapi, na saa isiyo sahihi huifanya programu ikatae vyeti vya usalama vya tovuti, kwa kudhani vimekwisha muda au havijaanza kutumika. Fundi anayeitafuta hitilafu hiyo kwenye mtandao atazunguka sana kabla ya kutazama saa.

Tulichukua kompyuta mpakato ya zamani iliyokuwa kabatini, kioo kimepasuka, kibodi inaruka herufi. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, ambayo kwa kazi hii inabaki. Diski ya kuzunguka ikatolewa, ikawekwa SSD ndogo, diski isiyozunguka. Betri yake ilikuwa bado inashika zaidi ya saa moja, na betri hiyo ndiyo iliyonifanya niipende: mpakato huja na UPS yake, yaani betri ya akiba, tumboni, hununui nyingine. Kilichonunuliwa ni betri ndogo ya volti 12 ya kushikilia rauta, maana seva hai nyuma ya rauta iliyozimika haimsaidii mtu.

Niliweka mfumo endeshi wa Debian bila mazingira ya madirisha. Kwa kawaida mpakato hulala ukifunikwa, kwa hiyo kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf niliandika HandleLidSwitch=ignore, ikafunikwa na kuwekwa juu ya kabati, waya wa mtandao umechomekwa moja kwa moja kwenye rauta. Rauta nayo iliagizwa iipe anwani ileile ya ndani siku zote. Simu kadhaa za Android za zamani hazitambui majina yanayoishia na .local, hivyo sikujisumbua na jina zuri. Anwani ya tarakimu ilibandikwa ukutani karibu na swichi ya taa na kuhifadhiwa kama alamisho kwenye kila simu.

Kuchagua programu

Waliofikia fainali ni wawili, FreshRSS na Miniflux, zote programu huria. FreshRSS imeandikwa kwa PHP, inakubali SQLite, kwa hiyo hifadhidata nzima yaweza kuwa faili moja, na ina mipangilio mingi ya kuchezea. Miniflux imeandikwa kwa lugha ya Go, ni faili moja la programu, inataka programu ya hifadhidata ya PostgreSQL na si kingine, na sura yake ni kavu makusudi: maandishi, orodha, basi.

Kilichoamua ni namna kila moja inavyopata habari kamili. Katika FreshRSS unaieleza, kwa kila mlisho, sehemu ya ukurasa yenye habari, kwa kutumia kiteuzi cha CSS, yaani jina linaloonyesha kisanduku fulani ndani ya ukurasa. Ukieleza vizuri inafanya kazi safi sana. Miniflux inakuwekea kisanduku cha kuchagua kwamba ichukue maudhui asilia, na usipoipa kiteuzi inajaribu kubashiri yenyewe habari iko wapi. Kwa milisho arobaini hivi, nilitaka mashine ibashiri kwanza, kisha binadamu asahihishe zile chache zilizokosewa, badala ya kuandika maelekezo arobaini siku ya kwanza. Kama milisho ingekuwa minane ningechukua FreshRSS bila kusita.

Usakinishaji wenyewe sitaueleza kwa kirefu. Kontena mbili za Docker, yaani vifurushi vya programu vinavyojitegemea, moja ya PostgreSQL na moja ya Miniflux, anwani ya hifadhidata, jina na nenosiri la msimamizi, RUN_MIGRATIONS=1, na baada ya hapo unafungua mlango wa 8080 kwenye kivinjari. Nyaraka za mradi zinatosha. Wanaoandika kuhusu jambo hili humalizia hapa, picha ya skrini ikionyesha ukurasa wa kuingilia, wakati kazi ya maana bado haijaanza.

Jinsi mashine inavyobashiri

Ubashiri huo unatokana na mbinu iliyoanza na Readability ya kampuni ya Arc90 mwaka 2009, na baadaye ikarithiwa na programu nyingi, pamoja na hali ya kusoma iliyomo ndani ya Firefox. Ni kama kupepeta mchele kwenye ungo: pumba huruka kwa sababu ni nyepesi, si kwa sababu mpepetaji ameitambua punje mojamoja. Programu hupitia aya zote za ukurasa na kuzipa alama. Aya yenye herufi chini ya 25 haihesabiwi. Kila koma ni alama moja. Kila herufi 100 ni alama nyingine, hadi tatu. Alama za aya humwendea mzazi wake, yaani kisanduku kinachoibeba, na nusu yake humwendea babu. Kisanduku chenye viungo vingi kuliko maneno hupunguziwa. Mwenye alama nyingi kuliko wote anatangazwa kuwa ndiye habari.

Nilipenda kwamba mbinu hii haijali lugha. Koma ni koma, iwe kwa Kiswahili, Kifaransa au Kirundi. Lakini pia hutazama majina ambayo wajenzi wa tovuti wamevipa visanduku vyao, ikiongeza alama kwa majina kama article na content, ikipunguza kwa comment, footer na sidebar. Majina hayo ni ya Kiingereza, kwa hiyo fundi mzalendo aliyekiita kisanduku chake "habari" hapati nyongeza yoyote.

Kwa sehemu kubwa ya milisho ubashiri ulitosha. Iliyobaki ilikosea kwa namna tatu, na kila namna ina dawa yake.

Ya kwanza ni habari fupi. Gazeti moja la kila siku huandika habari za mikoani kwa aya tatu tu, kisha chini yake kuna maelezo marefu kuhusu kampuni na masharti ya matumizi. Maelezo hayo yana koma nyingi, yakashinda. Mtangazaji akafungua habari ya ajali ya basi akakuta sera ya faragha. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya mlisho huo na kuandika sheria ya kuchota, mathalani div.story-body, na hapo ubashiri unawekwa kando kabisa. Kukipata kisanduku hicho unafungua ukurasa kwenye kompyuta, unabofya kulia juu ya aya ya habari, unachagua kukagua, na kupanda ngazi mpaka unapokiona kisanduku kinachoshika aya zote na kuacha yasiyohusika.

Ya pili ni takataka zilizochanganyika katikati: "Soma pia", "Jiunge na chaneli yetu", orodha ya habari nyingine tano. Hizi zinaudhi hewani kuliko zinavyoudhi machoni, maana mtangazaji anayesoma moja kwa moja anaweza kujikuta ameshasema "soma pia" kabla hajajizuia. Miniflux ina sheria za kuandika upya, na mojawapo, remove, hufuta kisanduku unachokitaja.

Ya tatu haina dawa nyepesi. Kuna tovuti ambazo ukurasa wake hufika mtupu, na maandishi hujazwa baadaye na JavaScript ndani ya kivinjari. Miniflux haiendeshi JavaScript, kwa hiyo inapata fremu bila picha. Unaweza kusimamisha kivinjari kizima kinachojiendesha ndani ya seva ili kikusomee kurasa hizo, lakini kwenye mpakato wa gigabaiti 4 na modemu ya kupimiwa bando ni kumtwisha mbuzi gunia la ng'ombe. Milisho hiyo tuliiacha na muhtasari wake, tukaitia alama kwenye jina ili mtangazaji ajue kwamba hapo hakuna zaidi. Mhariri alitaka tuiondoe kabisa. Mimi naona muhtasari unaojulikana kuwa muhtasari si hatari. Hatari ni ule unaojifanya habari.

Usiku ambao kila kitu kilinyamaza

Mfumo ulifanya kazi vizuri mpaka intaneti ya mji ilipokatika usiku mmoja, kuanzia saa tatu hadi karibu alfajiri. Asubuhi hiyo habari za jioni zilikuwepo zote, kamili, zikasomwa. Mhariri alifurahi. Kilichoshangaza kilikuja baadaye: intaneti ikarudi, simu za watu zikaanza kulia, lakini seva haikuleta hata habari moja mpya kutwa nzima. Hakuna kilichoharibika. Kila mlisho ulikuwa na alama nyekundu ya hitilafu, umekaa kimya.

Maelezo yake yamo kwenye nyaraka, ila yamejificha katikati ya orodha ndefu ya vigezo. Kigezo kinaitwa POLLING_PARSING_ERROR_LIMIT, na thamani yake ya kawaida ni 3. Mlisho ukishindikana mara tatu mfululizo, programu huacha kuujaribu mpaka mtu auburudishe kwa mkono. Kwa kawaida hukagua milisho kila dakika 60. Saa tatu za kukatika zinatosha kuifunga milisho yote arobaini, mmoja baada ya mwingine, kwa kosa ambalo si la tovuti hata moja.

Ukiwa na seva ndani ya kituo cha data ambako mtandao haukatiki, mlisho ulioshindwa mara tatu kweli umekufa, na kuendelea kuugongea mlango ni kumsumbua mwenye tovuti. Aliyeweka tatu alikuwa na akili yake. Kwa Kigoma niliweka 0, maana yake usiache kamwe. Kisha nikapitia orodha nzima ya vigezo kwa jicho hilo, nikiuliza kila kimoja kimedhani mtandao wa aina gani. HTTP_CLIENT_TIMEOUT ilidhani sekunde 20 zinatosha kupata jibu, nikaipandisha hadi 90. Idadi ya "wafanyakazi" wa ndani ya programu wanaovuta milisho kwa wakati mmoja ilidhani bomba ni pana. Kwenye modemu walikuwa wananyang'anyana hadi wote wanachelewa, nikawabakiza wawili. Kwa wawili kazi inachukua muda mrefu zaidi, lakini inaisha.

Kigezo kilichogusa mfuko ni ratiba. Kampuni za simu huuza bando la usiku kwa bei nafuu, na redio hulinunua. Miniflux ina ratiba yake ya ndani inayozunguka saa ishirini na nne, na inaweza kuzimwa kwa DISABLE_SCHEDULER_SERVICE=1. Baada ya hapo cron, mpanga ratiba wa Debian, ndiyo inayoamuru miniflux -refresh-feeds kwa saa tunazotaka sisi: mara kadhaa usiku, mara ya mwisho saa kumi na nusu alfajiri, kisha mchana mara mbili tu kabla ya taarifa za saa saba na saa kumi na mbili jioni.

Hesabu ya bando ilimwogopesha mhasibu kabla hajaiona, kwa hiyo tuliikaa pamoja kwenye karatasi. Tuseme mlisho mmoja una kilobaiti 100. Arobaini ni megabaiti 4 kwa mzunguko. Mizunguko 24 kwa siku ni megabaiti 96, karibu gigabaiti 3 kwa mwezi, na hapo hujasoma kitu. Lakini tovuti nyingi hujibu kistaarabu. Programu hupeleka alama ya toleo ililonalo, na kama hakuna kipya seva ya tovuti hurudisha namba 304 peke yake bila mzigo. Habari zenyewe ni maandishi: programu huchukua HTML ya ukurasa na kuacha picha, video na matangazo. Habari 150 kwa siku zenye kilobaiti 200 kila moja ni megabaiti 30. Ukurasa wa kawaida wa leo ukifunguliwa kwenye simu unazidi megabaiti 2, kwa hiyo habari hizohizo 150 zingekula megabaiti 300, na hapo ni simu moja, kabla ya mwenzake wa zamu kufungua ukurasa uleule kwa mara yake.

Picha hazimo, na hili liliulizwa. Miniflux haihifadhi picha, huacha kiungo chake tu, kwa hiyo mtandao ukikatika panabaki kisanduku kitupu. Kwa gazeti lingekuwa pigo. Redio haina haja nazo.

Nani mwenye kazi hii

Mpira ulikuwa tatizo la kwanza la kibinadamu. Msimu wa ligi ukianza, milisho ya Tanzania hufurika Simba na Yanga kiasi kwamba habari ya mbolea au ya barabara ya Kasulu inabidi uichimbe. Tulitenga makundi: Taifa, Mkoa, Maziwa Makuu, Dunia, Michezo. Kwa milisho inayochanganya kila kitu tuliweka sheria za kuzuia kwa maneno ya kichwa cha habari. Mhariri wa michezo alilalamika mpaka alipopewa mlisho wake usiozuiwa. Kundi la Maziwa Makuu ndilo lililoibadilisha taarifa yenyewe. Radio Okapi ya Congo, inayotangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa kikiwemo Kiswahili, huandika kwa Kifaransa mambo ya Uvira na Kalemie ambayo magazeti ya Dar es Salaam huyagusa kwa nadra. Mmoja wa watangazaji alisoma Bujumbura, Kifaransa kwake si mgeni, na sasa taarifa ya saa kumi na mbili jioni ina habari ya ng'ambo ya ziwa karibu kila siku.

Tatizo la pili lilihusu matunzo. Tovuti hubadilisha sura, na siku inapobadilika, kisanduku ulichokitaja kwenye sheria kinatoweka na habari inakuja tupu. Hili haliishi. Fundi wa nje, anayeitwa kwa simu na kulipwa nauli, hafai kuwa ndiye anayelitunza, kwa sababu anayeona kwanza kwamba habari imekuja tupu ni mtangazaji saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo nilikaa na mhariri tukatengeneza sheria pamoja, yeye akishika kipanya. Hajui kuandika programu na hakuhitaji kujua. Alihitaji kuona kwamba ukurasa ni visanduku ndani ya visanduku, na kwamba kila kimoja kina jina. Tangu hapo sheria anazirekebisha mwenyewe, na kwenye daftari la zamu kuna safu mpya ambamo mtangazaji anaandika mlisho uliokuja vibaya. Mhariri akishabadilisha sheria hurudi kwenye habari iliyoharibika na kubofya kitufe cha kupakua, maana habari zilizokwisha kuhifadhiwa hazijirekebishi zenyewe.

Kila mtu ana akaunti yake. Nilipendekeza hivyo kwa sababu ya alama za kusomwa, lakini faida kubwa ilikuwa nyota: mtangazaji wa jioni huzitia nyota habari zinazostahili kufuatiliwa, na mhariri akiipitia orodha yake ya nyota anaona nani anafuatilia nini. Kwa kuwa ndani ya nyumba hatutumii HTTPS, inayoficha mawasiliano, nenosiri hupita wazi kwenye Wi-Fi, hivyo wageni wa studio walitengewa Wi-Fi yao isiyofika kwenye seva. Waandishi wa nje waliomba wafikie mfumo wakiwa vijijini. Modemu ya simu haina anwani yake ya hadharani, inashiriki na wateja wengine, kwa hiyo ingebidi kupitisha WireGuard, njia ya siri ndani ya intaneti, kwenye seva ya kukodi. Mhariri akauliza mwandishi aliyeko kijijini asome habari za wengine kwa nini badala ya kuleta ya kwake. Maombi yakaishia hapo.

Kuhusu kusoma maandishi ya watu

Kuwa na maandishi kamili ndani ya nyumba kunaleta kishawishi cha kuyasoma hewani neno kwa neno. Mkataba wa Berne, ibara ya 2(8), hauzilindi habari za siku kama taarifa tupu: kwamba daraja limevunjika ni la kila mtu. Namna mwandishi alivyolieleza daraja hilo ni mali yake, na Tanzania ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1999. Kanuni iliyobandikwa chumbani ni fupi: soma mbili, piga simu moja, andika kwa maneno yako, taja chanzo. Global Voices, yenye toleo la Kiswahili, hutoa kazi zake kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kuzitumia ukimtaja mwandishi, na hizo tuliziweka kundi lake peke yake ili ruhusa hiyo isichanganywe na za wengine. Magazeti yenye kulipiwa hatukuyatafutia mlango wa nyuma. Redio ilinunua usajili wa moja, na hilo linafunguliwa kwa mkono kwenye kompyuta ya mhariri, nje ya seva.

Nakala ya akiba hutengenezwa kila Jumapili usiku kwa pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kunakili hifadhidata, ikabanwa na kunakiliwa kwenye flashi mbili zinazopokezana, moja ikibaki kazini na nyingine ikienda nyumbani kwa mhariri. Ndani yake mna kila kitu: habari, akaunti, nyota, na sheria za kuchota ambazo ndizo zenye jasho. Habari zilizosomwa zinafutwa baada ya siku 60, kama programu inavyopanga yenyewe, lakini ambazo hazijasomwa tumeziongezea muda, kwa sababu hotuba ya bajeti ya Juni hutafutwa tena Septemba.

Betri ya mpakato imeanza kuchoka na sasa inashika nusu saa. Mhariri ameahidiwa mpakato mwingine mwezi ujao. Ukifika, kabla ya kuuweka juu ya kabati tutaurudishia nakala ya Jumapili iliyotangulia, tuuzimie intaneti usiku kucha, na kuangalia alfajiri kama milisho inaamka yenyewe.